Mama na Zimwi: Kisasi katika Filamu ya Kuroneko

Wako wasomi wengi ambao wakisikia habari za filamu ya kutisha hukunja uso. Kwao filamu za namna hiyo ni mchezo wa kuwashtua vijana gizani, na mtu mwenye kazi ya kusoma hana haja ya kuzipotezea wakati wake. Sina nia ya kuzitetea zote, maana nyingi hazistahili utetezi. Walakini dharau isiyochagua hutunyima hata zile chache zenye uzito, na mojawapo ya hizo ndiyo nitakayoizungumza hapa: Kuroneko, filamu ya Kijapani ya mwaka 1968, iliyotungwa na kuongozwa na Kaneto Shindo. Ni kisa cha wanawake wawili waliouawa, wakarudi kulipa kisasi. Nataka kuonyesha kwamba kitisho chake hakimo katika meno ya paka wala katika koo zilizoraruliwa. Kimo katika swali moja ambalo wanawake hao hawakulifikiri walipokula kiapo chao: itakuwaje adui akiwa ni mwana wa nyumba ile ile?

Kwanza yafaa kusema neno juu ya mtunzi na namna alivyofanya kazi. Shindo alizaliwa mwaka 1912 katika mkoa wa Hiroshima, akafariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 100. Mwaka 1950 yeye na wenzake walianzisha kampuni yao ndogo, Kindai Eiga Kyokai, kusudi watengeneze filamu bila kutawaliwa na makampuni makubwa. Uhuru huo ulikuwa na gharama yake, kwani fedha zilikuwa chache siku zote. Kampuni ilikuwa karibu kuvunjika Shindo alipotoa, mwaka 1960, filamu ya familia moja ya wakulima wachotao maji na kuyapandisha katika kisiwa kikavu, filamu ambayo karibu hamna maneno ndani yake. Filamu hiyo, Kisiwa Kitupu, ilipata tuzo kuu katika tamasha la Moscow la mwaka 1961, na kampuni ikapona. Mwaka 1964 akatoa Onibaba, kisa cha mavyaa na mkaza mwana waishio katika manyasi marefu, wakiwaua samurai waliopotea ili wauze silaha zao.

Katika Kuroneko wahusika wakuu ni hao hao tena, mavyaa na mkaza mwana, na mchezaji wa mavyaa ni yule yule, Nobuko Otowa. Lakini tofauti ni kubwa. Wanawake wa Onibaba waliua ili wapate kula, na wa Kuroneko wanaua kwa sababu wameuawa. Filamu hii ya pili ilichaguliwa kushindania tuzo huko Cannes, Ufaransa, mwezi wa Mei 1968. Lakini tamasha la mwaka ule lilivunjwa katikati kwa ajili ya migomo na machafuko ya nchi hiyo, na tuzo hazikutolewa.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika zama za Heian, nchi ikiwa imechafuka kwa vita, Yone na mkaza mwana wake Shige wanaishi peke yao katika kibanda kando ya msitu wa mianzi. Hachi, mwana wa Yone na mume wa Shige, amechukuliwa vitani, na hawana habari zake. Siku moja kundi la askari wenye njaa linatoka mianzini, linaingia nyumbani, linakula chakula chao, linawanajisi, linawaua, na kuiacha nyumba ikiungua. Paka mweusi anakuja, anairamba miili iliyolala majivuni. Baada ya hapo, usiku, kwenye lango la Rajomon la mji mkuu, samurai apitaye peke yake hukutana na mwanamke kijana mwenye mavazi ya kiungwana, aombaye asindikizwe kupita msituni. Humfikisha katika jumba zuri. Mavyaa humkaribisha kwa pombe ya mchele, na usiku haujesha mwanamke yule humrarua mgeni koo kwa meno yake.

Wakati huo huo, mbali kaskazini, Hachi amemwua jemadari wa maadui, ameleta kichwa chake kwa bwana mkubwa wa samurai, Minamoto no Raiko, na amejitaja kwa jina jipya, Gintoki. Raiko anamfanya samurai. Hachi anarudi kwao kwa furaha, anakuta majivu. Ndipo Raiko anapomwamuru akaiangamize mizuka inayowaua samurai langoni. Anakwenda, anakaribishwa katika jumba lile, na kwa mwanga wa taa anaziona sura mbili anazozifahamu kuliko zote duniani.

Hapo ndipo filamu inapoanza hasa, na kila kilichotangulia ni matayarisho. Lakini matayarisho hayo yana maana yake, na napenda tuyatazame kwa makini.

Tazama onyesho la kwanza. Askari wanatoka msituni mmoja mmoja, wanainama kijitoni na kunywa maji kama wanyama, kisha wanaingia ndani. Wanawake wako katika chakula chao. Karibu hakuna neno linalosemwa. Hakuna mjadala, hakuna tishio, hakuna hata tusi. Baadaye tunaiona nyumba kutoka nje, tulivu kama ilivyokuwa, mpaka moshi unapoanza kutoka na watu wale wanarudi mianzini walikotoka. Mtunzi mdogo angetupa makelele, na angetupa mwovu mmoja mwenye kovu usoni, ili tumjue na kumngoja alipwe. Shindo hakumtenga yeyote. Kwa Yone na Shige watu wale hawana majina, na hata kama wangalinusurika wasingaliweza kumshitaki mtu, kwa maana mkulima wa zama zile hakujua jina la aliyemwibia. Alichokijua ni silaha na njaa ya mwenye silaha.

Kwa sababu hiyo kiapo walichokula kwa wenye nguvu za kuzimu hakikuwataja watu; kilitaja cheo. Hawakuapa kuwaua wale waliowaua. Waliapa kuwaua samurai wote na kunywa damu yao. Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba hili ni kosa la kutia chumvi, kwamba kisasi chenye haki kingeishia kwa wenye hatia. Mimi naona kwamba hapa ndipo palipo na ukweli mchungu wa filamu hii. Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Nyasi hazina njia ya kujua ni tembo yupi aliyezikanyaga, wala unyayo wa yupi. Zikipata meno, zitamwuma tembo yeyote apitaye. Kisasi cha wanawake hawa ni kipana kwa sababu dhuluma waliyotendewa ilikuwa pana: haikutendwa na watu fulani kwa chuki fulani, ilitendwa na vita, na vita vilikuwa ndiyo kazi ya tabaka zima.

Lakini cheo kina sifa moja ambayo mtu hana: watu huingia ndani yake. Kiapo kilicholenga cheo kilikuwa kimemlenga pia kila atakayekivaa kesho. Na aliyekivaa alikuwa Hachi.

Naomba msomaji aangalie jinsi jambo hili linavyotendeka bila ubaya wowote wa moyo. Hachi si msaliti. Hakukimbia shamba kutafuta ukubwa. Alitwaliwa kwa nguvu, akapigana ili asife, akamwua mtu kwa bahati zaidi kuliko kwa ushujaa. Anapoletwa mbele ya Raiko anafurahi kama angalivyofurahi mkulima yeyote aliyepata mvua. Anavikwa mavazi mapya, anapewa upanga na farasi, na fikira yake ya kwanza ni mama yake na mkewe, jinsi watakavyostaajabu kumwona. Katika hadithi za kawaida hapa pangekuwa mwisho mwema: maskini ameinuliwa. Shindo anatuonyesha kwamba kuinuliwa huku ndiko maangamizi. Hachi amepanda ngazi, na juu ya ngazi amekuta sare ya wale waliomchomea nyumba. Kwa maoni yangu hakuna kitu cha kutisha katika filamu nzima kupita furaha ile ya kijana juu ya farasi wake, sisi watazamaji tukijua anakokwenda.

Sasa tufike kwenye hadithi ya kale ambayo mtunzi ameitumia. Raiko ni mtu wa kweli katika tarehe ya Japani, aliyeishi kati ya mwaka 948 na mwaka 1021, na masimulizi ya baadaye yamemfanya kuwa bingwa wa kuwaua mazimwi. Mmoja wa watu wake, Watanabe no Tsuna, husimuliwa kwamba alipambana na zimwi kwenye lango la mji akalikata mkono. Akauficha mkono ule ndani. Kisha zimwi likaja mlangoni limejigeuza bibi mzee wa jamaa yake, likamsihi alionyeshe mkono huo, na lilipoupata likarudia umbo lake na kuruka nao kupitia paani. Wajapani wameicheza hadithi hii mara nyingi katika tamthilia zao za noh na kabuki. Sisi nasi tuliolelewa na ngano za mazimwi yajigeuzayo watu tunaitambua mara moja: sura ya jamaa ni kinyago, na chini yake mna meno. Funzo lake ni kwamba mtu mwenye busara hafungui mlango.

Shindo ameichukua hadithi hii karibu nzima. Shige akiisha kutoweka, Hachi anakutana na Yone langoni, anauona uso wake katika maji yaliyotuama, nao ni uso wa mzuka. Anafuta upanga, anamkata mkono, na mkono unageuka kuwa mguu wa paka. Anampelekea Raiko, naye Raiko anaamuru afungiwe ndani siku kadhaa ili atakaswe. Yone anakuja akijifanya mwaguzi aliyetumwa kutoka kwa mfalme, anamshawishi afungue, anauchukua mkono wake, na anaruka nao kupitia paani. Matukio ni yale yale ya hadithi ya Tsuna. Kilichobadilishwa ni kitu kimoja tu, na kwa badiliko hilo hadithi yote imepinduliwa. Katika masimulizi ya kale zimwi hujifanya jamaa. Hapa aliye mlangoni ni mama kweli kweli. Si zimwi lililovaa uso wa mama. Ni mama aliyefanywa zimwi, na waliomfanya hivyo ni watu wa jeshi la mwanawe. Mwenye kufunga mlango anamfungia nje aliyemzaa, na mwenye kuufungua anamkaribisha anayeapa kumwua. Busara ya ngano imekwisha kazi, kwa sababu ngano ilidhani kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika mtu mmoja.

Tumeona upande wa Hachi. Je, wanawake wenyewe walijibuje swali ambalo hawakulitazamia? Kila mmoja alijibu kwa njia yake, na hapa usanii wa mtunzi ni wa hali ya juu, kwa kuwa hakumpendelea yeyote.

Shige anavunja kiapo. Anajua kwamba akifanya hivyo atapewa siku saba tu na mumewe, kisha atatupwa kuzimu milele. Anazichukua siku hizo saba. Kiwako Taichi, aliyemchezea Shige, hakuonyesha majonzi mengi wala maringo ya shujaa. Ameonyesha utulivu wa mtu aliyekwisha kupiga hesabu yake na kuridhika na bei. Usiku wa nane Hachi anakuja, na Shige hayupo. Hasira yake haikushindwa na hasira nyingine, wala haikushindwa na hofu. Aliiacha mwenyewe kwa kitu alichokithamini zaidi, na akalipa.

Yone hawezi. Yeye ni mama, na mtu angetazamia kwamba mama ndiye atakayeanza kulegea, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini fikiri jambo hili: Shige alikuwa na mume wa kumpata tena, japo kwa siku saba. Yone amepata mwana ambaye, kila anapomtazama, amevaa mavazi ya adui. Kumsamehe mwana ni kusamehe mavazi, na kusamehe mavazi ni kukubali kwamba yaliyotendeka siku ile kibandani hayana mdai. Basi Yone anashika kiapo. Wako wanaomwona kuwa mkatili kupita mkaza mwana wake. Mimi namwona kuwa ndiye mwaminifu wa mwisho kwa wafu, na kwamba uaminifu huo huo ndio unaomwangamiza mwanawe. Filamu haituruhusu kusema ni nani kati ya hao wawili aliyetenda haki. Aliyesamehe amepotea, na aliyekataa kusamehe amepotea vile vile.

Ningefanya hila kama ningeificha kasoro ya kazi hii. Wapo wasemao kwamba filamu, ingawa inawapa wanawake meno, inaishia kwa kuwakata kwa upanga wa mwanamume, na kwa hiyo imewarudisha mahali pao. Hoja hiyo siikubali, kwa sababu upanga ule haushindi chochote: Hachi anabaki na mguu wa paka mkononi, na kisha hata huo anapoteza. Lakini hoja nyingine naikubali nusu yake. Silaha ya mizuka hii ni uzuri wa mwanamke kijana, kikombe cha pombe, na kitanda, mambo ambayo waume wa kila nchi wamekuwa wakiyasimulia tangu zamani ili kujionya juu ya wanawake. Kamera nayo yapendezwa na uzuri wa Shige kupita inavyohitaji. Aidha, Raiko amechorwa kwa mstari mnene mno. Majivuno yake yanatuchekesha, na adui tunayemcheka hutupunguzia uzito wa madai.

Hata hivyo, ukiilinganisha na filamu nyingine za kisasi cha wanawake zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, utauona upeo wake. Katika filamu ya Kimarekani ya Meir Zarchi, I Spit on Your Grave, ya mwaka 1978, wanaume wanne wanamnajisi mwandishi mmoja mwanamke, naye anawaua wote wanne. Hesabu imefungwa, na mtazamaji anatoka akiwa ameridhika au amechukizwa, lakini hana swali. Abel Ferrara, katika Ms. 45 ya mwaka 1981, alikwenda mbali zaidi: mshonaji bubu wa New York anaanza kwa kumwua aliyemnajisi, na anaendelea kwa kuwaua wanaume wasiomtendea neno, mpaka anapodungwa kisu na mwanamke mfanyakazi mwenzake. Ferrara aliona, kama Shindo alivyoona kabla yake, kwamba kisasi hupanuka. Lakini wanaume wale ni wageni kwa mshonaji. Ni Shindo aliyepeleka upanuzi huo mpaka ukagonga mlango wa nyumbani.

Nimetaja uhaba wa fedha, na sharti niseme kwa nini jambo hilo si la mhasibu peke yake. Filamu hii inahitaji vitu vichache: msitu wa mianzi, lango, nyumba, na giza. Mpiga picha wake, Kiyomi Kuroda, alipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, na mahali pengi taa moja inamwangaza mtu peke yake kama jukwaani, na dunia iliyobaki imemezwa na weusi. Mizuka huruka hewani kwa miruko ya tamthilia, isiyoficha kwamba ni mchezo. Aliyemchezea Hachi, Nakamura Kichiemon wa Pili, alitoka katika ukoo wa wachezaji wa kabuki. Muziki wa Hikaru Hayashi umejengwa zaidi kwa midundo kuliko kwa nyimbo. Kampuni tajiri ingalijenga mji mzima na kulijaza lango watu. Shindo ameliacha lango tupu, na utupu huo unasema jambo ambalo umati usingalisema, kwamba vita vimekwisha kuwala watu, na waliobaki kupita usiku ni wale tu waliovifanya. Katika weusi ule hatuoni mpaka wa msitu, na hivyo hatujui mahali ambapo madai ya wafu yanakoma.

Nirudi kwenye swali nililoanza nalo, kwa kuliangalia onyesho la mwisho. Yone ameupata mkono wake na ametoweka. Hachi anatoka, anazunguka akiupunga upanga wake na kumwita mama yake, mpaka anaanguka katika mabaki ya nyumba iliyoungua. Theluji inamfunika, na sauti ya paka inasikika. Nyumba nzima sasa imekwisha: mama, mke, na mwana.

Lakini hesabu watu walio hai. Raiko yu hai. Yeye aliyewatuma wakulima vitani, aliyegawa vyeo kwa vichwa vilivyokatwa, aliyemtuma mwana kumwua mama yake, hakuguswa hata na ukucha mmoja wa paka. Wanawake waliapa kuwaua samurai wote. Waliowapata ni wale waliopita langoni usiku peke yao, na mwisho wake waliyempata ni wao wenyewe. Nyasi ziliota meno, zikang'ata, na mwisho zikang'atana. Sidhani kwamba Shindo alitaka kutuambia kwamba wanyonge wasidai haki yao. Mtu anayelitazama onyesho la kwanza la filamu hii na kusema hivyo hakulitazama. Alitaka tuone kwamba cheo chenye kudhulumu hujilinda kwa kuwavika walio chini yake mavazi yake, kusudi siku ya kisasi ifikapo, aliyesimama mbele ya upanga awe ni mwana wa mdai. Mwanafunzi wa fasihi anayetafuta msiba wa kweli, ule ambao kila mhusika ana sababu na hakuna mwenye njia ya kutokea, asione haya kuutafuta hata katika filamu ya mizuka iliyotengenezwa kwa fedha kidogo.